Mafundi Waliojichonga Juu ya Paa

 

Mwaka 1903 ilitoka kamusi nene ya Kifaransa na Kirundi. Mwandishi wake alikuwa padri Mholanzi wa shirika la Mapadri Weupe, J. M. M. van der Burgt, aliyekuwa amefanya kazi huku kwetu Burundi wakati Wajerumani ndiyo kwanza wanaingia. Kilichonivutia katika kamusi hiyo ni kwamba padri hakuridhika na lugha mbili. Aliongeza kwa kifupi maana ya maneno kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Alijua anachofanya. Kijerumani kilikuwa lugha ya boma, na Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya askari, na ya wafanyabiashara waliokuja na mitumbwi kutoka Ujiji. Basi sisi tunaozungumza Kiswahili Bujumbura, ambao mara kwa mara huulizwa lugha hii tumeitoa wapi, tumo katika kitabu hicho zaidi ya miaka 120 sasa.

Ukitazama kilichapishwa wapi, utakuta jina Bois-le-Duc. Hivyo ndivyo Wafaransa wanavyouita mji huo. Waholanzi wenyewe huuita 's-Hertogenbosch, na kwa kuwa hata wao jina hilo linawachosha ulimi, wengi husema Den Bosch tu. Maneno ya bibi zetu, ya ng'ombe, ya mtama, ya ngoma, yalipangwa kwa herufi za risasi katika mji huo wa kusini mwa Uholanzi. Na mji huo una kanisa moja ambalo ningependa tulizungumze leo, kwa sababu limenifanya niyatazame makanisa yetu ya matofali kwa jicho jingine.

Ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Wao husema Sint-Jan, na kila mtu anaelewa.

Tuanze na ardhi, maana hakuna jengo linaloanza na paa. Mji wa Den Bosch ulipewa haki zake za mji mwaka 1185, na umekaa pale mito miwili, Dommel na Aa, inapokutana. Anayeishi Musaga, hapa Bujumbura, huku mto Muha kule mto Kanyosha, anajua maana ya kukaa katikati ya mito miwili. Ila mito yetu inashuka milimani kwa fujo, inakula kingo na nyumba za watu, na ikishatulia inatuachia mchanga na mawe ambayo vijana huyakusanya na kuyauza kwa wajenzi. Mito yao inatembea polepole katika nchi tambarare, na haikuletei jiwe hata la kutegesha chungu. Uholanzi ni nchi ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na maji. Mtu wa karne ya 13 aliyetaka kumjengea Mungu nyumba ya kudumu alikuwa na njia mbili: ayanunue mawe mbali na kuyaleta kwa mashua, au auchome udongo alionao.

Walianza na udongo. Kanisa la kwanza la Mtakatifu Yohane lilianza kujengwa karibu mwaka 1220, na mnara wake ulikuwa wa matofali ya kuchoma. Matofali ya wakati huo katika nchi ile yalikuwa makubwa kuliko yetu, yakizidi kwa urahisi urefu wa kiganja na nusu, na kazi hiyo ilihusishwa sana na watawa, kwa sababu monasteri ndizo zilizokuwa na mashamba, kuni na subira ya kulisha tanuru. Sehemu ya chini ya mnara huo ingali imesimama. Ukifika mbele ya kanisa leo, unaona kwanza ukuta mwekundu wa matofali, mzito, usio na maringo. Nyuma yake ndipo linapoanza lile kanisa jingine, la mawe meupe yaliyozeeka, lenye michongo kila pembe. Mtu asiyeelezwa anaweza kudhani majengo mawili yamegombana.

Hayakugombana. Mji ulitajirika. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 14 watu wa Den Bosch waliamua kujenga upya kwa mtindo wa Gothiki, ule uliokuwa umeshika miji ya Brabant, na mawe wakayaleta kwa maji kutoka machimbo ya Ubelgiji na Ujerumani za leo. Kazi hiyo iliendelea hadi kama mwaka 1530. Piga hesabu mwenyewe. Aliyechimba msingi hakuliona paa, mtoto wake hakuliona, na mjukuu naye aliondoka bado jukwaa la mafundi liko ukutani. Walipomaliza walikuwa na kanisa lenye urefu wa mita 115 hivi na upana wa mita 62 pale mikono ya msalaba inaponyooka. Mnara wa matofali waliuongeza kimo lakini hawakuubomoa. Mimi nadhani pesa zilikuwa zimepungua, na ninashukuru.

Sasa nikuombe dakika chache za ufundi. Dari la kanisa la namna hii ni la mawe. Mawe yamepangwa kwa matao yenye ncha, na chini yake zinapita mbavu zinazokutana katikati na kuupeleka uzito kwenye nguzo. Lakini uzito wa tao haushuki wima. Unazisukuma kuta kwenda nje, mchana na usiku, kwa karne na karne. Mafundi wangeweza kuzinenepesha kuta, kama baba zao walivyofanya, ila ukuta mnene haukubali dirisha kubwa, na wao walitaka mwanga. Kwa hiyo walitoka nje ya ukuta. Walisimamisha nguzo nene mbali kidogo, na kutoka kila nguzo wakarusha tao hewani hadi kwenye ukuta wa juu, lisimame pale likiusukuma ukuta kurudi ndani, kama vijana wanaolizuia kwa mabega lori lililozimika katika mwinuko wa Musaga. Lori halirudi nyuma. Na kwa kuwa mabega yako nje, ndani panabaki wazi: nguzo nyembamba, madirisha marefu ya vioo vya rangi, na dari linaloonekana halina mtu wa kulibeba.

Matao hayo ya nje ndiyo fahari ya Den Bosch. Makanisa mengine ya Ulaya yanayo pia, lakini pale juu ya matao wamepandishwa watu. Ni sanamu 96 za mawe, zimekalia mgongo wa tao, mguu huku na mguu kule, mmoja nyuma ya mwenzake, wote wakielekea juu. Wamo wanamuziki na vyombo vyao. Wamo mashetani na wanyama ambao Nuhu asingewakubali safinani. Na wamo mafundi: waashi na zana zao mkononi, wanapanda pamoja na wengine. Aliyekuwa chini barabarani mwaka 1500 hakuweza kuwaona vizuri, walikuwa juu mno. Padri kwenye altare hakuwaona kabisa. Waliowaona kwa karibu ni wale tu waliokuwa na ngazi. Mafundi walijichonga wenyewe, mahali ambapo mafundi wenzao peke yao ndio wangepita.

Miaka ya karibuni wameongeza jambo la kuchekesha. Matengenezo makubwa yalifanyika kuanzia mwaka 1998 hadi 2010, na sanamu nyingi zilizoliwa na mvua zikachongwa upya. Mchongaji Ton Mooy alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo, na malaika mmoja akamvisha suruali ya jinzi, akampa begi la kompyuta begani na simu ya mkononi sikioni. Malaika huyo alipandishwa ukutani mwaka 2011. Mchongaji alieleza kwamba simu ile ina kitufe kimoja tu, cha kumpigia Mungu moja kwa moja. Wapo walionuna. Mimi niko upande wa mchongaji. Aliyechonga mwanamuziki wa karne ya 15 alimchonga na chombo cha karne ya 15, na malaika wa leo atabebaje kitu kingine?

Majina ya baadhi ya waliofanya kazi pale tunayo. Fundi mkuu wa mwishoni mwa karne ya 15 alikuwa Alart Duhameel, mjenzi aliyejua pia kuchora picha za kuchapa kwenye shaba. Birika la ubatizo la shaba ni kazi ya Aert van Tricht, mwaka 1492, na bado lipo. Na katika mji huohuo aliishi mchoraji Jheronimus Bosch, yule wa picha za jehanamu zenye viumbe nusu ndege nusu watu. Ukiziangalia sanamu za juu ya matao, huhitaji kuuliza sana aliishi kwenye mandhari gani. Alifariki mwaka 1516, na misa ya maziko yake iliadhimishwa katika kanisa hilo.

Tunayajuaje hayo? Kwa sababu ya daftari za pesa. Ndani ya Sint-Jan kulikuwa na chama cha kidini, Udugu wa Bibi Yetu, kilichoanzishwa mwaka 1318, ambacho Bosch alikuwa mwanachama wake. Kilikuwa na kikanisa chake ndani ya kanisa, waimbaji wake, karamu zake za nyama ya bata maji, na waweka hazina walioandika kila senti: nani kalipwa, kwa kazi gani, siku gani. Historia ya sanaa ya mji mzima imeponea kwenye risiti. Chama hicho kingalipo. Tangu mwaka 1642 wanachama wake wa ndani wamekuwa nusu Wakatoliki na nusu Waprotestanti, kumi na nane kwa kumi na nane. Sisi Warundi hesabu za kugawana viti hatuhitaji kufafanuliwa.

Mpaka hapo nimeacha jambo moja ambalo lilileta pesa nyingi kuliko yote. Karibu mwaka 1380 ilipatikana katika kibanda cha wajenzi sanamu ya mbao ya Bikira Maria, imechakaa, imetupwa kwenye takataka za ujenzi. Masimulizi ya pale yanasema fundi mmoja alikuwa karibu kuipasua kuni. Haikupasuliwa, ikawekwa kanisani, na muda si mrefu watu wakaanza kusimulia miujiza. Miujiza ikaandikwa kitabuni, mmoja baada ya mwingine, kwa mamia. Mahujaji wakamiminika, na sadaka zao zikageuka kuwa mawe. Wenyewe humwita Mama Mtamu wa Den Bosch. Yeyote aliyewahi kutembea kwenda Mugera siku ya tarehe 15 Agosti, amelala nje, amekula alichobeba kwenye kitambaa, anaelewa nguvu ya jambo hilo kuliko maprofesa wengi.

Kisha yakaja mabaya. Mwaka 1566, wakati wa ghasia za Waprotestanti dhidi ya sanamu, makundi yaliingia na kuvunja. Mwaka 1584 radi iliupiga mnara mkubwa wa mbao uliokuwa katikati ya kanisa, pale mikono ya msalaba inapokutana, moto ukaushusha wote. Haukujengwa tena kwa kimo kile. Mwaka 1629 mwanamfalme Frederik Hendrik aliuzingira mji na kuuteka, na kanisa likapewa Waprotestanti. Mama Mtamu akakimbizwa Brussels, mkimbizi wa mbao. Wakatoliki wakabaki wakisali majumbani na mabandani kwa karne karibu mbili, wanalipita kanisa la babu zao kila siku sokoni. Napoleon alipofika mwaka 1810 aliamuru lirudishwe kwa Wakatoliki, na sanamu yenyewe ikarejea mwaka 1853.

Ungetarajia kwamba watu walioliwania kanisa hivyo wangelilinda mno. Hapana. Mwaka 1866 wenyewe, Wakatoliki, waliiondoa sehemu moja ya thamani kubwa. Kati ya ukumbi wa waumini na sehemu ya altare palikuwa na ukuta wa marumaru wenye jukwaa juu yake, uliojengwa kati ya mwaka 1610 na 1613, kazi ya kupendeza ya nguzo na sanamu. Walisema unaziba macho, watu hawaioni misa. Wakaubomoa, wakauuza. Leo ukitaka kuuona unakwenda London, jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na utaukuta umesimama ndani ya ukumbi, hauna misa wala waumini. Uuzaji huo ulimkasirisha sana Mholanzi mmoja, Victor de Stuers, akaandika makala kali mwaka 1873 kuwashutumu wenzake kwa kuuza urithi wao, na kelele zake zilichangia serikali ya Uholanzi kuanza kuyashughulikia majengo ya kale. Yaani walijifunza kwa hasara, na hasara iko London.

Na hata kulitunza kumewagharimu. Matengenezo makubwa yalianza mwaka 1859 na kwa kweli hayajawahi kukoma, yanapumzika tu. Mafundi wa karne ya 19 walitumia mawe ambayo hayakuvumilia hewa ya pale, wajukuu wao wakalazimika kuyang'oa na kuweka mengine. Kila kizazi kinatengeneza na kurekebisha matengenezo ya kizazi kilichopita. Ukiwauliza lini litamalizika, watakuangalia.

Turudi nyumbani. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa pale, misheni ikafungwa. Walirudi baadaye kwa njia nyingine: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899, Buhonga, juu ya milima inayoitazama Bujumbura, mwaka 1902. Kwanza palikuwa na nyumba za miti na nyasi, kisha matofali mabichi, yale ya rukarakara, kisha matofali ya kuchoma. Mpangilio uleule wa Den Bosch, msikilizaji. Udongo kwanza, kwa sababu udongo ndio ulikuwepo, na wengi wa wale mapadri walitoka katika nchi za matofali, Uholanzi, Ubelgiji na jirani zake. Waliujua mchezo.

Lakini padri mmoja hachomi matofali laki moja. Aliyewahi kuona kazi hiyo bondeni anajua. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu mpaka ulainike na usiwe na kokoto, unatiwa kwenye kalibu ya mbao, unakwanguliwa juu, unaanikwa na kufunikwa majani usipasuke kwa jua. Yakikauka yanapangwa tanuru, yakiachiwa mahandaki ya kuni chini, na nje linakandikwa udongo lisivujishe moto. Moto unakeshewa. Fundi mzoefu anayagonga mawili yakishapoa, na kwa mlio anajua yapi ni ya ukuta na yapi ni ya kutupa. Kisha yanabebwa kichwani kupanda kilima, maana makanisa yetu mengi wameyaweka vilimani. Waliofanya hayo ni wakatekumeni, vibarua, kina mama, watoto wa shule.

Shajara za misheni zipo. Mapadri Weupe walitakiwa kuandika kila siku yaliyotokea, na waliandika: mvua, wagonjwa, wageni, ubatizo. Padri aliyeongoza ujenzi utampata kwa jina. Aliyekesha kwenye tanuru ni vigumu zaidi kumpata.

Hapo ndipo Den Bosch inaponiuma. Fedha za mawe tunaweza kuwazidi siku moja, Mungu akipenda. Lakini wao wana daftari la mwaka 1490 na kitu linalosema fundi fulani alilipwa kiasi fulani. Sisi, hapa Bujumbura, tuna makanisa yaliyojengwa baada ya vita, mengine tumeyapanua ndani ya miaka ishirini hii, kwa harambee, kwa kila familia kuleta mfuko wa saruji au matofali kumi, na ukiuliza nani aliunyosha ukuta ule wa upande wa kushoto, unaambiwa, "Alikuwepo mzee mmoja hivi." Parokia ikijaa, kamati inaanza mazungumzo ya kubomoa na kujenga kubwa zaidi. Sawa, watu wamekuwa wengi, na mimi mwenyewe nimewahi kusali nimesimama dirishani. Ila kabla ya nyundo ya kwanza, mtu awe amepiga picha, amepima, ameandika. Na ule mtindo wa kuyapaka matofali mazuri ya zamani rangi ya mafuta ya krimu, eti kanisa lipendeze, ningeomba uachwe hata kwa mwaka mmoja tuone. Ukuta uliozibwa kwa rangi hiyo unashindwa kutoa unyevu, na matofali yanaanza kumenyeka kutoka ndani.

Kwa wale wa kigango au kanisa lolote, Katoliki, Pentekoste, Anglikana, na hata wenzetu wa misikiti ya Buyenzi ambayo nayo ina mafundi wake: katika familia yenu au jirani yuko mzee aliyewahi kubeba, kukanyaga, kuchoma, kupiga plasta au kuezeka. Muulize wiki hii, maana wazee hao hawana miaka mingi ya kutungojea. Jina lake, la fundi mkuu wake, mwaka kama anaukumbuka, udongo ulichimbwa bonde gani, na nani aliwapikia. Yaandike kwenye karatasi ya kawaida na umpelekee karani wa parokia au imamu. Daftari la ubatizo tayari lina kabati lake, na daftari la mafundi litapata nafasi pembeni yake. Ukipenda, tutumie nakala hapa studioni, na wiki ijayo saa hizi nitaanza kuyasoma majina hewani, moja moja, bila haraka.